Wahandisi wa Charlottenburg: Historia ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin

Kando ya barabara pana inayotoka katikati ya Berlin kuelekea magharibi, limesimama jengo kuu la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, ambacho wenyeji hukiita kwa kifupi TU. Wanafunzi wake wanakaribia 35,000, na wengi wao husoma yale ambayo mtu angeyatarajia: uhandisi wa mitambo, umeme, ujenzi, kemia na kompyuta. Lakini katika chuo hichohicho kuna kituo cha utafiti wa chuki dhidi ya Wayahudi, kuna idara za falsafa na historia, na kuna profesa wa historia ya sanaa ambaye mwaka 2018 alishirikiana na msomi wa Senegali kuandika ripoti ya kutaka mali za Afrika zilizomo katika makumbusho ya Ufaransa zirudishwe kwao. Msomaji ana haki ya kuuliza mambo hayo yaliingiaje katika chuo cha wahandisi. Jibu lake limo katika historia ya zaidi ya miaka 200, na inafaa tuifuate tangu mwanzo.

Katika karne ya 18 Berlin ilikuwa makao ya wafalme wa Prusia, nchi ambayo jeshi lake lilikuwa kubwa kupita utajiri wake. Mkoa wa Brandenburg unaouzunguka mji huo una ardhi ya kichanga, maziwa na mabwawa mengi. Mfalme Friedrich wa Pili alitaka watu, mazao na kodi, na ili avipate ilibidi mabwawa yakaushwe na mito izuiwe isifurike. Kati ya 1747 na 1753 mto Oder ulichimbiwa njia mpya na kujengewa tuta, na bonde lake likagawiwa walowezi walime. Kazi za namna hiyo zilihitaji watu wanaojua kupima ardhi, kukadiria nguvu ya maji na kukokotoa gharama za mawe na mbao, na watu hao walikuwa adimu. Mafundi walijifunza kwa kuwatazama mabwana zao. Maofisa wa serikali nao walijua sheria, lakini tuta likibomoka hawakuweza kueleza limebomoka kwa nini.

Kwa hiyo shule za kwanza zilianzishwa na serikali kwa ajili ya mahitaji ya serikali. Mwaka 1770 Berlin ilipata chuo cha madini, na mwaka 1799 ikapata Bauakademie, yaani chuo cha ujenzi. Waliokiasisi walikuwa watumishi wa idara ya ujenzi ya mfalme, akiwemo David Gilly aliyekuwa msanifu majengo, na Johann Albert Eytelwein, mtaalamu wa nguvu za maji. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo kijana Karl Friedrich Schinkel, ambaye baadaye aliijengea Berlin majumba yake mashuhuri, na ambaye alikichorea chuo chenyewe jengo la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1836.

Wapo wanaosema kwamba Prusia iliiga tu Ufaransa, kwa kuwa École Polytechnique ya Paris ilifunguliwa mwaka 1794, miaka mitano kabla ya Bauakademie. Ni kweli kwamba mfano huo ulijulikana Berlin. Hata hivyo chuo cha Paris kilianza na hisabati ya juu, na matumizi yake yakafuata baadaye, ilhali cha Berlin kilianza na tuta, daraja na barabara, kisha kikatafuta hisabati ya kuvihudumia. Tena chuo cha madini kilikuwapo kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kutokea. Maelezo yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni yale yanayotazama mahitaji ya nyumbani.

Hatua ya pili ilitokana na kushindwa vitani. Mwaka 1806 Napoleon aliliponda jeshi la Prusia kule Jena, na nusu ya ufalme ikapotea. Watawala walilazimika kujiuliza udhaifu wao ulikuwa wapi, na jibu lao lilikuwa mageuzi makubwa. Mwaka 1810 yalitokea mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, vyama vya mafundi vilivyokuwa vikiamua nani afanye kazi gani vilinyang'anywa mamlaka, na mtu yeyote akaruhusiwa kufungua karakana. La pili, Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa, nacho kilifundisha teolojia, sheria, tiba na falsafa. Maprofesa wake waliamini kwamba elimu inatafutwa kwa ajili ya elimu yenyewe, na mambo ya viwanda na karakana yaliachwa nje ya mlango. Kutengana huko kulidumu kwa zaidi ya karne moja, na mengi ya yaliyofuata hayaeleweki bila kukumbuka kwamba wahandisi na wanavyuo wa Berlin waliwekwa katika nyumba mbili tofauti tangu siku hiyo.

Uhuru wa kufungua karakana haukutosha. Vita na Napoleon vilipokwisha bidhaa za Uingereza zilimiminika katika masoko ya Ulaya, zikiwa za bei nafuu na zimetengenezwa kwa mashine za mvuke, na fundi wa Prusia hakuweza kushindana nazo. Hapo ndipo alipojitokeza Christian Peter Wilhelm Beuth, ofisa wa serikali aliyekuwa amesomea sheria. Mwaka 1821 alifungua Berlin shule ya ufundi ambayo baada ya muda mfupi iliitwa Gewerbeinstitut, yaani taasisi ya viwanda. Vijana walifundishwa kuchora, hesabu, fizikia na kemia, na kando ya madarasa palikuwa na karakana ambamo mashine za kigeni zilichunguzwa na kuigwa.

Kazi ya Beuth inafaa kutazamwa kwa karibu. Sheria za Uingereza zilizuia mashine nyingi zisipelekwe nje, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1843 tu, kwa hiyo Prusia ilizipata mashine kwa njia za wazi na za kificho. Mwaka 1826 Beuth alisafiri na rafiki yake Schinkel kwenda Uingereza, wakatembelea viwanda vya nguo na madaraja ya chuma, na Schinkel akayachora katika daftari zake. Wakiwa Berlin wawili hao walitoa pia kitabu kikubwa cha vielelezo vya vyombo, vitambaa na mapambo ya majengo, kilichochapwa kwa ustadi wa juu kabisa. Kitabu hicho hakikuuzwa madukani. Serikali ilikigawa kwa mafundi na wenye viwanda, kwani Beuth aliamini kwamba bidhaa ya mashine bila uzuri wa umbo haitamshinda Mwingereza. Kwa hiyo tangu mwanzo shule hiyo iliunganisha ufundi na sanaa, jambo ambalo wengi hulisahau wanapomsimulia Beuth kama mtu wa mashine tu.

Mwanafunzi wake aliyepata sifa kubwa kuliko wote hakumaliza masomo. August Borsig, mtoto wa seremala kutoka Breslau, aliingia Gewerbeinstitut mwaka 1823, akaondoka mwaka 1825 baada ya kufanya vibaya katika kemia. Alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha kusubu chuma, na mwaka 1837 akafungua cha kwake. Mwaka 1841 alitoa garimoshi lake la kwanza, na kufikia mwaka 1854 alikuwa ametoa la 500. Reli za Prusia, ambazo mwanzoni zilitegemea magarimoshi ya Kiingereza, sasa zilijitosheleza. Wanahistoria hubishana kama mafanikio hayo yalitokana na shule ya Beuth au na kuenea kwa reli zenyewe. Kisa cha Borsig kinaonyesha kwamba vyote viwili vilihitajika: shule ilimpa macho ya kuielewa mashine, lakini bila reli kununua magarimoshi angebaki fundi hodari asiye na wateja.

Kadiri viwanda vilivyokua, ndivyo masomo yalivyopanda daraja. Mwaka 1866 taasisi ya Beuth ilipewa hadhi ya akademia, na miaka miwili baadaye ikaanza kuongozwa na Franz Reuleaux, mtu aliyetaka kuifanya elimu ya mashine iwe sayansi kamili yenye kanuni zake. Alichambua mashine zote kuwa minyororo ya viungo vinavyosukumana, na alitengeneza mamia ya vielelezo vya shaba na chuma kuonyesha mienendo yao. Mwaka 1876 alitumwa Philadelphia, Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na barua alizoandika kutoka huko zilizua kishindo: alisema waziwazi kwamba bidhaa za Ujerumani ni za bei ya chini na ni mbovu. Wenye viwanda walikasirika, lakini serikali ya dola jipya la Ujerumani, lililoundwa mwaka 1871, ilisikia. Ikiwa bidhaa ni mbovu, basi wanaozitengeneza wafundishwe zaidi.

Mwaka 1879 Bauakademie na akademia ya viwanda ziliunganishwa kuwa chuo kimoja cha juu cha ufundi cha kifalme. Kilijengewa nyumba mpya Charlottenburg, ambao wakati huo ulikuwa mji unaojitegemea magharibi ya Berlin, na Novemba 1884 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alilizindua jengo hilo lenye nguzo, sanamu na ua wa ndani. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua Novemba hiyo kwa sababu nyingine. Tarehe 15 ya mwezi huohuo mkutano wa madola juu ya Afrika ulifunguliwa Berlin katika makazi ya Kansela Bismarck, na siku hizohizo Mjerumani Carl Peters alikuwa ameshafika Unguja, akijiandaa kuvuka bara kwenda Usagara kutia sahihi mikataba yake ya hila. Chuo hakikuuandaa mkutano wala hakikumtuma Peters. Lakini mambo hayo matatu yalizaliwa na nguvu moja: dola changa lenye viwanda vinavyokua haraka, likitaka kutambuliwa kuwa sawa na Uingereza na Ufaransa. Kati ya 1905 na 1914 wahandisi wa Kijerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na elimu waliyoitumia ilikuwa ile iliyofundishwa katika vyuo vya namna hiyo.

Ndani ya jengo jipya ulizuka ugomvi. Reuleaux alitaka mhandisi afikiri kwa kanuni. Alois Riedler, aliyeletwa Charlottenburg mwaka 1888, alitaka mhandisi aguse mashine inayofanya kazi. Riedler alikwenda Marekani kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, akaona vyuo vyenye maabara za mitambo ya mvuke ambamo wanafunzi walipima joto, shinikizo na nguvu kwa mikono yao, akarudi akidai hivyohivyo. Mwaka 1896 Reuleaux alijiuzulu. Baadhi ya waandishi humwona kuwa mtu wa vitabu aliyepitwa na wakati, jambo ambalo si haki, kwa sababu uchambuzi wake wa mienendo ya mashine bado ni msingi wa fani hiyo. Kilichomshinda ni mahitaji ya viwanda, ambavyo wakati huo vilitaka watu wa kubuni injini za meli na mitambo ya umeme mara moja.

Pamoja na maabara hizo, mhitimu wa Charlottenburg bado alihesabiwa kuwa mdogo kuliko mhitimu wa chuo kikuu, kwa kuwa chuo chake hakikuwa na haki ya kutoa shahada ya udaktari. Mwanasheria, tabibu na hata mwanahistoria waliitwa daktari, na mtu aliyesanifu daraja la Rhine hakuitwa. Katika Ujerumani ya wakati ule, ambamo cheo kiliamua ajira serikalini na hata mlango ambao mtu angeposa, jambo hilo liliuma. Chama cha wahandisi kililipigania kwa miaka mingi, na vyuo vikuu vikalipinga kwa miaka hiyohiyo, vikidai kwamba hesabu za chuma na zege si elimu ya kweli.

Tarehe 11 Oktoba 1899, chuo kikijiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu Bauakademie ifunguliwe, Kaisari Wilhelm wa Pili alitoa amri ya kuvipa vyuo vya ufundi vya Prusia haki hiyo. Kwa nini wakati huo? Maelezo ya kawaida humtaja Kaisari mwenyewe, aliyependa manowari na mitambo, aliyekuwa na urafiki na Adolf Slaby, profesa wa umeme wa Charlottenburg, na ambaye mwaka 1898 alikuwa ameshawaingiza maprofesa watatu wa uhandisi katika baraza la juu la bunge la Prusia. Maelezo mengine hutaja viwanda vya umeme na kemikali, vilivyohitaji watafiti wenye mafunzo ya juu. Ninaona kwamba viwanda na chama cha wahandisi ndivyo vilivyoliivisha jambo, na mapenzi ya Kaisari yakaliharakisha. Hata hivyo vyuo vikuu vilipata sharti moja la kujifariji: cheo cha daktari wa uhandisi kiandikwe kwa Kijerumani na kwa herufi za Kijerumani, kisije kikachanganywa na udaktari wao wa Kilatini.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanuka. Mwaka 1904 Georg Schlesinger alipewa kiti cha zana za mashine na uendeshaji wa viwanda, akakifanya kiwe mahali ambapo wenye viwanda wa nchi mbalimbali walikuja kujifunza. Mwaka 1909 wanawake waliruhusiwa kujiandikisha kama wanafunzi kamili. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, chuo cha madini cha mwaka 1770 nacho kiliingizwa, na hivyo matawi yote matatu ya zamani yakakaa chini ya paa moja.

Baada ya vita, nchi ikiwa na njaa na sarafu yake imeporomoka, Charlottenburg iliingia katika kipindi chake chenye rutuba kuliko vyote. Eugene Wigner kutoka Hungaria alisomea hapo uhandisi wa kemia, akapata udaktari mwaka 1925, na baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwenzake wa Hungaria, Dennis Gabor, aliyekuja kuvumbua holografia, alipata udaktari hapo mwaka 1927. Konrad Zuse, mwanafunzi wa ujenzi, alichoshwa na hesabu ndefu za uimara wa majengo, akaanza kuwaza mashine ya kuzifanya. Alihitimu mwaka 1935, akaijenga mashine yake ya kwanza sebuleni kwa wazazi wake, na mwaka 1941 akakamilisha Z3, mojawapo ya kompyuta za kwanza duniani zinazofuata programu.

Kazi ya Ernst Ruska inaonyesha vizuri zaidi jinsi chuo hicho kilivyofanya kazi. Alikuwa mwanafunzi katika taasisi ya umeme wa volti kubwa, ambayo ilishughulika na tatizo la kawaida kabisa: radi zinazopiga nyaya za umeme na kuharibu mitambo. Ili waione mishtuko hiyo mifupi, walihitaji chombo kinachoelekeza miale ya elektroni mahali padogo. Ruska na kiongozi wake Max Knoll walithibitisha kwamba koili fupi ya waya yenye mkondo wa umeme huikusanya miale hiyo kama lenzi inavyokusanya mwanga. Ikiwa ni lenzi, waliwaza, basi lenzi mbili zikifuatana zitatoa hadubini. Mwaka 1931 walipata picha za kwanza zilizokuzwa, na mwaka 1933 Ruska aliunda chombo kilichokuza kupita hadubini yoyote ya mwanga. Virusi, ambavyo hakuna jicho lililokuwa limeviona, vilionekana kwa chombo hicho kabla ya mwongo huo kwisha. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79.

Mwaka huo 1933, hata hivyo, chuo kilikuwa kimeingia gizani. Hitler alipoingia madarakani mwezi Januari, wanafunzi wafuasi wake walikuwa wameshashinda chaguzi za wanafunzi Charlottenburg. Albert Speer, msaidizi katika idara ya usanifu majengo, alichukuliwa na wanafunzi wake mwenyewe kwenda kumsikiliza Hitler mwishoni mwa mwaka 1930, na baada ya miezi michache akajiunga na chama cha Hitler. Alimalizia akiwa waziri wa silaha. Wasomi Wayahudi walifukuzwa. Schlesinger, aliyekuwa ameitumikia Ujerumani kwa karibu miaka 30, alifungwa gerezani, kisha akakimbilia Uswisi, Ubelgiji na hatimaye Uingereza, alikofariki mwaka 1949. Gustav Hertz, mshindi wa Nobel aliyeongoza taasisi ya fizikia, aling'olewa kwenye nafasi yake kwa sababu ya babu yake Myahudi.

Ni wachache mno waliopinga, na sababu zake zimejadiliwa sana. Wengine husema wahandisi hawakufundishwa siasa wala historia, hivyo hawakuwa na silaha ya kuupima uongo. Wengine hukumbusha kwamba mdororo wa 1929 uliwaacha wahitimu wengi bila kazi, na serikali mpya ikawaletea barabara, ndege na mizinga ya kubuni. Maelezo ya kwanza yana mpaka, maana chuo kikuu cha mjini, kilichojaa wanafalsafa na wanahistoria, nacho kilifukuza wasomi na kuchoma vitabu. Uzito mkubwa, nadhani, uko kwenye mazoea ya muda mrefu: kwa miaka 130 chuo kilikuwa kimejipima kwa manufaa yake kwa dola, na dola lilipogeuka kuwa la kihalifu, wengi waliendelea kulinufaisha.

Katikati ya miaka ya 1930 kilianzishwa kitivo kizima cha ufundi wa kijeshi, na mwaka 1937 Hitler aliweka jiwe la msingi la majengo yake katika msitu wa Grunewald. Wernher von Braun, aliyehitimu Charlottenburg mwaka 1932, aliongoza utengenezaji wa makombora ya V2, ambayo yaliundwa na wafungwa chini ya ardhi katika kambi ya Mittelbau-Dora, na maelfu ya wafungwa hao walikufa. Novemba 1943 ndege za Uingereza zililiharibu vibaya jengo kuu la Charlottenburg. Mwezi Aprili 1945, Warusi wakiwa mlangoni, chuo kilifungwa. Majengo ya Grunewald hayakukamilishwa kamwe. Baada ya vita watu wa Berlin walimwaga juu yake vifusi vya nyumba zilizobomolewa, lori baada ya lori kwa miaka mingi, mpaka kikatokea kilima cha mita 120 kutoka usawa wa bahari kiitwacho Teufelsberg.

Charlottenburg iliangukia sehemu ya Berlin iliyokuwa chini ya Waingereza. Tarehe 9 Aprili 1946 chuo kilifunguliwa, lakini si kama kilichokuwapo zamani. Kilihesabiwa kuwa kimeanzishwa upya na kikapewa jina la chuo kikuu cha ufundi, cha kwanza nchini Ujerumani kuitwa hivyo. Kamanda wa Kiingereza wa Berlin, Meja Jenerali Eric Nares, aliwaeleza wanafunzi maana ya jina hilo siku ya ufunguzi: kazi ya kwanza ya elimu yoyote ni kumjenga mtu kamili anayeweza kuishi kwa wajibu miongoni mwa wenzake, na kumfanya mhandisi au msanifu hodari ni kazi ya pili. Husemwa mara nyingi kwamba Waingereza ndio waliolazimisha mabadiliko hayo. Walikuwa na uwezo wa kulazimisha, ni kweli, lakini walikuwapo pia maprofesa Wajerumani walioona aibu na kutaka njia mpya, na bila hao jina lingebadilika kwenye karatasi tu.

Mwaka 1950 kilianzishwa kitivo cha masomo ya utu, na kila mwanafunzi wa uhandisi alitakiwa kusoma falsafa, historia au fasihi na kutahiniwa. Mwaka 1959 Walter Höllerer, mshairi na mhakiki, alipewa kiti cha fasihi, na mwaka 1961 akaanzisha jarida la kuijadili lugha katika zama za teknolojia. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba ratiba yao ilikuwa imejaa, na baadhi ya maprofesa wa mitambo waliyaona masomo hayo kuwa pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sharti la kutahiniwa liliondolewa. Wakati huohuo wanafunzi wenyewe walileta siasa ndani: Februari 1968, maelfu walijaa katika ukumbi mkubwa wa TU kwa mkutano wa kimataifa wa kupinga vita vya Vietnam.

Je, mpango wa 1946 ulishindwa? Kama somo la lazima, ndiyo. Lakini idara zilibaki, na zikazaa kazi ambazo hakuna aliyezitarajia. Mwaka 1982 kilifunguliwa kituo cha utafiti wa chuki dhidi ya Wayahudi, katika chuo kilekile kilichomfukuza Schlesinger. Bénédicte Savoy, profesa wa historia ya sanaa TU, ndiye aliyeandika na Felwine Sarr ile ripoti ya 2018 kwa rais wa Ufaransa. Mwaka 2021 Ufaransa ilirudisha vitu 26 vya ufalme wa Dahomey nchini Benin. Mwaka 2023 Savoy na wenzake wa Kamerun walionyesha kwamba makumbusho ya Ujerumani yana vitu vipatavyo 40,000 kutoka nchi hiyo.

Tanzania nayo imo. Watafiti wa TU walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Humboldt na Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin kuandika historia ya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 katika nchi ya Lindi ambayo muda mfupi kabla yake ilikuwa imeteketezwa katika Vita vya Maji Maji. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi hadi bandarini. Msimamizi hodari wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na aina moja ya dinosaria imepewa jina lake. Mifupa mikubwa kuliko yote, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimamishwa Berlin hadi leo.

TU yenyewe imeendelea kukua. Mwaka 2012 ilifungua tawi El Gouna, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri, kufundisha mambo ya nishati, maji na maendeleo ya miji, na mwaka 2019 umoja wake na vyuo vikuu viwili vya Berlin pamoja na hospitali ya Charité ulichaguliwa katika mpango wa serikali wa kukuza vyuo bora. Wageni ni sehemu kubwa ya wanafunzi wake.

Nchini Kenya, vyuo vikuu vya ufundi vya Nairobi na Mombasa vilipata hati zao Januari 2013, navyo vilikua kutoka taasisi ndogo kama ile ya Beuth. Wanaopanga mitaala yao, na ya vyuo vya Tanzania na Uganda vinavyofuata njia hiyo, waisome sura ya 1933 hadi 1950 ya Charlottenburg kabla hawajaamua kwamba mhandisi hana saa ya historia.